Sigaa zangu za Cuba zimetoboka na kuota unga mweupe. Naweza kuzitunza miaka mitano nikiwa Dar?

"Mwaka juzi kaka yangu aliniletea kutoka Dubai sanduku la sigaa 25, zile nene za majani ya tumbaku yaliyosokotwa, za Partagás Serie D No. 4. Chini ya sanduku kuna muhuri wa herufi tatu, halafu AGO 23. Zilipofika nilivuta mbili. Zilikuwa kali mno, zinakwaruza koo na zina harufu kama ya mkojo wa paka. Nikaambiwa zikikaa zinalainika, kwa hiyo nimeamua kuziweka hadi harusi ya binti yangu, kama miaka mitano kutoka sasa. Niliziweka kabatini na kutia ndani ya sanduku kipande cha sifongo chenye maji, kama nilivyosoma mtandaoni. Sasa baadhi zina unga mweupe, na wiki iliyopita nimeona moja ina tundu dogo kama la sindano. Nimezihamishia kwenye friji. Fundi mmoja wa Keko anataka kunitengenezea sanduku la mbao za mwangati, anasema huo ndio mwerezi. Baba yangu, aliyelima tumbaku Urambo, anasema nahangaika bure, tumbaku ikishakauka imekauka. Nifanye nini?"

Ndugu yangu, tuanze na lile tundu. Mengine yote yanaweza kusubiri wiki moja, hilo haliwezi.

Tundu la mviringo, safi, kama lililotobolewa na sindano, ni kazi ya mdudu wa tumbaku, ambaye wataalamu humwita Lasioderma serricorne. Ni kidude cha kahawia chenye urefu wa milimita mbili au tatu. Funza wake ndiye anayekula majani kwa ndani, na akishakua anatoboa na kutoka. Kwa hiyo unapoliona tundu, aliyelitoboa keshaondoka, na huenda ameacha mayai kwenye sigaa za jirani. Mayai hayo hulala kimya kukiwa na ubaridi. Joto la kabati la Dar ndilo linaloyaamsha: kwenye nyuzi 30 huanguliwa ndani ya siku chache tu.

Ulifanya vizuri kuziondoa kabatini, ila friji haiui mayai, inayalaza tu. Kinachoua ni friza. Weka sanduku zima ndani ya mfuko wa zipu, toa hewa, kisha litie kwenye mfuko wa pili. Kwa kuwa tayari limekaa kwenye friji, lipeleke moja kwa moja friza yenye nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri na uliache wiki nzima. Umeme ukikatika kwa saa nyingi katikati, anza kuhesabu siku upya. Baada ya hapo lirudishe friji siku moja nzima, kisha liweke mezani siku nyingine nzima, mifuko ikiwa bado imefungwa. Nasisitiza hapo: ukifungua mfuko wakati sigaa bado ni baridi, hewa yetu ya pwani itazimwagia maji papo hapo, kama inavyoimwagia chupa ya soda iliyotoka barafuni, na jani la nje litapasuka.

Ile yenye tundu itupe. Nyingine zigonge moja moja taratibu juu ya karatasi nyeupe. Ikidondosha vumbi laini la kahawia, nayo itupe. Kabla hujarudisha chochote kabatini, pekua jikoni, maana mdudu huyuhuyu hula pilipili, binzari, tangawizi kavu na nafaka. Viwanda vya Cuba hugandisha sigaa kabla ya kuzisafirisha, lakini hilo linamaliza mayai yaliyotoka huko tu. Halimzuii mdudu wa kwenye kopo lako la viungo. Nimewahi kuona sanduku la bei kubwa likiliwa lote kwa sababu lilikaa stoo moja na gunia la pilipili, na mwenyewe hakuligusa kwa miezi minane kwa kuogopa kulisumbua.

Sasa ule unga. Utakutana na watu watakaokuambia uifurahie, kwamba ni mafuta ya tumbaku yaliyotoka nje na kuganda, dalili ya sigaa iliyokomaa. Katika masanduku yote ambayo watu wameniletea wakiamini hivyo, karibu kila mara nimekuta ukungu. Na wewe uliyeweka sifongo la maji ndani ya sanduku lililofungwa, huna haja hata ya kubahatisha. Tazama kwa mwanga mkali: ukungu una manyoya, hukaa kwa mabaka, mara nyingine huwa na rangi ya kijani au bluu. Ukiwa juu ya jani la nje tu, ufute kwa brashi laini au kitambaa kikavu ukiwa nje ya nyumba, umejifunika pua, na sigaa hiyo itapona. Ukiuona mguuni, pale unapowashia, maana yake umeingia ndani, na hiyo usiivute. Mwenye pumu nyumbani asiifanye kazi hii.

Makosa hayakuanza kwako. Ushauri mwingi wa mtandaoni umeandikwa na watu wa Ulaya na Amerika Kaskazini, ambao wakati wa baridi nyumba zao hupashwa moto na hewa ya ndani huwa kavu. Adui yao ni ukavu, kwa hiyo wanafundishana kuongeza maji. Dar es Salaam asubuhi nyingi unyevu wa hewa hupita asilimia 80 kabla hujaongeza tone. Sifongo lako lilikuwa linamwaga maji kwenye nyumba iliyokwisha lowa. Tatizo lako ni joto na unyevu uliozidi, na kila utakachofanya kuanzia sasa kilenge hapo.

Inafaa kujua asilimia hizo zinamaanisha nini. Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Tunaposema unyevu ni asilimia 65, tunasema hewa imebeba asilimia 65 ya mvuke ambao ingeweza kuubeba kwenye joto hilo. Ukiipoza hewa hiyohiyo bila kuongeza maji, asilimia inapanda. Ukiipasha, inashuka. Ndiyo maana sanduku linalopozwa na kiyoyozi usiku na kuchemka mchana linazitesa sigaa: zinavimba, zinasinyaa, zinavimba tena. Majani ya ndani ni mengi na hunyonya zaidi, jani la nje ni jembamba kama ngozi ya kitunguu. La ndani likivimba, la nje linachanika. Hata lisipochanika, sigaa iliyoshiba maji haivutiki, inazimika kila dakika, na moshi wake huwa mchungu.

Kwa sigaa za Cuba mimi hulenga unyevu wa asilimia 62 hadi 65 na joto la nyuzi 18 mpaka 20. Utasikia kanuni ya zamani ya asilimia 70 kwa nyuzi 21. Haitamuua mtu, lakini kwa kukaa miaka mitano ni unyevu mwingi mno kwa ladha yangu, na kwa hali ya hewa yetu inakuacha hatua moja tu kutoka kwenye ukungu.

Labda utauliza: Cuba si nchi ya joto kama kwetu? Ni kweli, na wao wenyewe hawaachi sigaa zikae kwenye hewa hiyo. Sigaa ikishasokotwa huwa mbichi, imelowa, kwa sababu jani kavu halisokoteki. Hupelekwa kwenye chumba kinachoitwa escaparate, chenye joto na unyevu unaodhibitiwa, ikae kwa wiki kadhaa hadi maji ya ziada yatoke, ndipo ipangwe sandukuni.

Hapo tunafika kwa mzee. Mpe heshima yangu, kwa sababu kwa tumbaku anayoijua yeye hajakosea. Urambo na Tabora hulima tumbaku ya mvuke, inayokaushwa kwa joto la moto ndani ya bani, yaani banda la kukaushia, kwa siku chache. Joto lile huzuia mabadiliko ndani ya jani na kuiacha sukari nyingi humo. Kazi yake inaishia pale, na jani linakuwa tayari kwenda kiwandani kutengenezwa sigara. Tumbaku ya sigaa ya Cuba ni mmea uleule, ila safari yake ni nyingine. Inalimwa hasa mkoa wa Pinar del Río, na majani bora hutoka eneo la Vuelta Abajo, kwenye mashamba ya San Luis na San Juan y Martínez. Huning'inizwa kwenye mabanda na kukaushwa kwa hewa tu, karibu siku 50, huku jani likila sukari yake lenyewe. Kisha hupangwa kwa malundo makubwa, hulowanishwa kidogo, na lundo linapata joto kutoka ndani, kama samadi au majani ya ndizi yaliyolundikwa shambani. Huko ndiko kuchachuka. Protini za jani huvunjika na kutoa amonia, ukali unapungua, rangi inakolea. Majani mazito, yale ya juu ya mmea yaitwayo ligero, huchachushwa na kulazwa muda mrefu zaidi kuliko mepesi.

Kwa hiyo jani la sigaa halijamaliza safari linaposokotwa. Harufu ya mkojo wa paka uliyoisikia ndiyo hiyo amonia. Kusokotwa na kuloweshwa kumeamsha tena ule uchachukaji, na sigaa changa hupita kipindi ambacho wavutaji hukiita cha ugonjwa. Serie D No. 4 ni robusto, yaani sigaa fupi nene, ya milimita 124, yenye majani mazito ndani, na Partagás inajulikana kwa ukali. AGO ni agosto, kifupi cha mwezi wa nane kwa Kihispania, maana yake sanduku lilifungwa Agosti 2023. Ulipozivuta zilikuwa hazijafika mbali. Hukukutana na sigaa mbovu, ulikutana na sigaa changa.

Zikitulia, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Amonia inatoka taratibu na kuishia hewani. Na vitu vinavyoleta uchungu na ukavu mdomoni vinaendelea kuvunjika, huku mafuta ya jani moja yakizoeana na ya jingine, mpaka unaacha kuonja pilipili peke yake, mbao peke yake, na kuanza kuonja kitu kimoja. Nguvu ya nikotini nayo hupungua kiasi. Mabadiliko haya yanataka ubaridi wa wastani na utulivu. Joto huyaharakisha, lakini hufukuza na harufu nzuri pamoja na mbaya.

Na hapa lazima niwe mkweli kuhusu msemo wa "kadiri inavyozeeka ndivyo inavyokuwa tamu". Si hivyo. Sigaa nyepesi, kama nyingi za chapa ya Hoyo de Monterrey, hufika kileleni mapema na baada ya hapo hupauka, moshi unakuwa kama karatasi. Zenye nguvu kama zako ndizo zinazolipa subira. Kwa Serie D No. 4 mimi naanza kuifurahia ikifika miaka mitatu, na kati ya mitano na kumi ndipo ninapopenda kuivuta. Wakati wa harusi, sigaa zako zitakuwa zimekaribia miaka minane. Umepiga hesabu vizuri bila kujua. Lakini uzee hautengenezi sigaa iliyosokotwa vibaya, iliyobana isiyopitisha moshi, wala haugeuzi bandia kuwa halisi.

Kuhusu sanduku la Keko, mwambie fundi asubiri. Mwangati, ambao wengine huuita mtarakwa, ni mti mzuri wa nguzo na kabati, lakini mafuta yake yana harufu kali kama penseli iliyochongwa, na sigaa hunyonya harufu kama maziwa yasiyofunikwa. Baada ya miezi sita utakuwa unavuta penseli. Mbao za masanduku ya sigaa huitwa mwerezi wa Kihispania, jina linalopotosha watu, kwa kuwa mti wenyewe, Cedrela odorata, si mwerezi kabisa. Ni wa ukoo mmoja na mkangazi na mwarobaini. Umepandwa hata kwetu, na katika msitu wa Kimboza, Morogoro, umeenea hadi kuwa mti vamizi. Fundi akiupata, ukiwa umekauka vizuri, ni sawa. Hata hivyo kwa Dar mimi sipendekezi sanduku la mbao liwe kinga yako ya kwanza, kwa sababu mbao hupumua na kuiingiza hewa ya nje. Kwa sababu hiyohiyo ya harufu, kasha la mkarafuu au sanduku la nguo lililofukizwa udi si mahali pake, na sigaa zilizotiwa ladha ya vanila zikae kwao mbali.

Nunua kontena la plastiki la chakula lenye mpira kwenye mfuniko na vibano pande nne. Lioshe, liache wazi siku mbili harufu ya plastiki iishe. Ingiza humo sanduku lako la asili la Partagás, likiwa na sigaa zake, mfuniko wake ukiwa umeachwa wazi kidogo. Weka pakiti ya unyevu ya asilimia 65, za Boveda zinapatikana, ya gramu 60 inatosha sigaa 25. Ndani yake kuna maji na chumvi zilizopimwa, na kazi yake huenda pande mbili: hewa ikikauka inatoa, ikizidi inanyonya. Hilo la kunyonya ndilo unalolihitaji zaidi. Ikianza kujaa mpaka ukiibonyeza inahisi kama mto wa kulalia uliojaa maji, ibadilishe. Sifongo, vipande vya tufaa, glasi ya maji, vyote viache.

Weka na kipima unyevu kidogo cha kidijitali, lakini usikiamini kabla hujakijaribu. Chukua kifuniko cha chupa, jaza chumvi ya mezani, dondoshea matone ya maji mpaka iwe kama mchanga mbichi, si rojo. Kifungie pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa zipu kwa siku moja. Chumvi hiyo huifanya hewa ya ndani kuwa na unyevu wa asilimia 75. Kipimo kikisoma 71, jua kinapunguza nne na uongeze hizo kila unapokisoma.

Joto ndiyo sehemu ngumu, na sitaki kukudanganya. Kontena lako litatunza unyevu vizuri hata kabatini, lakini nyuzi 29 au 30 kwa miaka mitano ni nyingi, na yai moja lililosalia linatosha kuanzisha msiba upya. Njia bora ni jokofu dogo la divai, lile linalokaa nyuzi 16 hadi 18, kontena likiwa humo limefungwa. Ni gharama, na kwa sanduku moja huenda isistahili. Njia ya pili ni chumba ambacho kiyoyozi hufanya kazi kila siku, kontena likae chini kwenye kona ya ndani, limefunikwa blanketi ili lisifuate kupanda na kushuka kwa joto. Njia ya tatu, ambayo kwa watu wengi wa pwani naiona ya busara, ni kuomba ndugu anayeishi nyanda za juu, Arusha, Mbeya au Iringa, akutunzie kontena hilohilo kwenye kabati lisilopigwa na jua. Kwenye friji ya kawaida usizitunze, ukiacha ile siku moja baada ya kazi ya friza. Hewa yake ni kavu na ina samaki.

Fungua kontena mara moja kwa mwezi, dakika chache, amonia itoke na macho yako yakague. Huna haja ya kuzigeuzageuza. Na tafadhali usizihifadhi zote bila kuonja. Kila Agosti vuta moja, andika mistari miwili mitatu kwenye daftari: ukali, harufu, inavyoungua. Utajifunza sigaa zako kuliko ninavyoweza kukueleza, na ukiona mwaka wa sita zimefika mahali unapopapenda, unaweza kuacha kusubiri.

Kama una shaka ni halisi, tazama chini ya sanduku. Maneno Habanos s.a., Hecho en Cuba na Totalmente a mano yawe yamechomwa kwenye mbao, si kuchapwa kwenye karatasi. Muhuri wa dhamana wa kijani na nyeupe ubavuni una namba unayoweza kuihakiki kwenye tovuti ya Habanos, kampuni inayouza sigaa za Cuba duniani. Ukiona namba haitambuliki, au ukungu umeingia mguuni kwa zaidi ya sigaa mbili tatu, usiniulize kwa maandishi tena. Mwombe kaka azipeleke kwa mtu wa duka rasmi, maduka ya La Casa del Habano, na Dubai lipo, azishike kwa mikono yake. Kuna vitu macho ya mbali hayavioni.

Jambo jingine, na hili nalisema kwa sababu utaziwasha mbele ya watu unaowapenda. Kukomaa kunalainisha ladha, hakupunguzi madhara. Moshi wa sigaa una hali ya alkali, kinyume cha asidi, kwa hiyo nikotini yake huingia kupitia ngozi ya mdomo hata usipouvuta kifuani, na huleta saratani za mdomo, koo, umio na mapafu. Sigaa kubwa inaweza kubeba tumbaku karibu sawa na pakiti nzima ya sigara. Kidonda au baka jeupe mdomoni lisilopona kwa wiki mbili, sauti iliyokwama, au kumeza kwa shida, nenda kwa daktari bila kuchelewa. Kontena liwe mahali pasipofikiwa na watoto, mtoto mdogo akitafuna tumbaku anaweza kulewa nikotini vibaya.

Siku ya harusi, kama sherehe itakuwa nje, ufukweni au uani jioni, usizipange kwenye sahani mapema. Hewa ya usiku ya Dar italoweka kwa saa moja kile ulichokilinda miaka mitano. Zipeleke kwenye kontena dogo na pakiti yake, na umpe kila mgeni yake akishashika kiberiti mkononi.